Herufi ya Pili

Mama yake alikuwa amezaa kwa mara ya pili,
na kanuni ya klabu haina huruma:
uzao wa pili, herufi ya pili.
Wote saba waanze na B.
Nikatia sahihi, nikapewa jike la mwisho,
makucha makubwa kuliko akili, ndevu za babu mlevi,
na kadi yenye mhuri: Bystra.
Maana yake mwepesi.
Kwangu mimi, gunia la saruji.

Tangu utotoni herufi hiyo hunifungia mlango.
Viazi kwa Kicheki huanza nayo;
miaka hamsini na mitatu
nanunua viazi kwa kusonta kidole.

Jumamosi ya kwanza, saa mbili asubuhi,
jalidi juu ya mashamba ya bitiruti,
magari tisa ukingoni mwa barabara ya matope.
Bi Drahomíra, ndani ya koti la marehemu mumewe,
amefunga bawa la kwale kwenye ufito wa kuvulia samaki.
Bawa linaruka, linatua, linatetema nyasini,
na watoto wa mbwa wanaganda mmoja baada ya mwingine:
mguu juu, mkia kama rula,
pua imeshonwa na hewa.
Wangu alikaa juu ya kiatu changu
akatafuna kamba.

Kisha akaona kunguru, akaenda.
"Mwite," alisema Bi Drahomíra.
Nikafungua kinywa.
Watu kumi na mmoja wakatazama mawingu kwa heshima.
Heshima hiyo naichukia kuliko kicheko.

Zbyněk mfamasia akanishauri filimbi ya pembe.
Filimbi, alisema, haina herufi.
Nikanunua. Nikapuliza uani siku nne
mpaka jirani akafunga madirisha.
Bystra aliinua sikio moja,
akaendelea kufukua vitunguu vyangu.

Jumamosi ya tatu ikawa zamu ya mlio.
Kila mtoto na bakuli lake la maini,
na kule kwenye safu ya miti, hatua mia mbili,
binti Květa na bastola isiyo na risasi.
Paa!
Sita hawakuinua hata nyusi.
Wangu aliruka kama tone la maji kwenye mafuta ya moto,
akakata shamba, kamba ndefu ikimfuata kama nyoka,
moja kwa moja kuelekea barabara ya malori.

Filimbi ilikuwa shingoni. Niliisahau.
B, nikasema. B. B.
Mlango ule ule, komeo lile lile,
nami naugonga kwa paji la uso.
B. B. B.

Akasimama.
Akageuka, nusu ya mwili bado inakimbia.

Kumbe miezi miwili jikoni kwangu,
kila alfajiri, kabla jina halijafika,
kwanza hubisha hodi hii,
nyuma yake bakuli,
nyuma ya bakuli mkono wangu.
Hakujua kwamba nimekwama.
Alidhani ndivyo anavyoitwa.

Alirudi tumbo chini, ndevu zimejaa udongo,
akakojoa kidogo kwenye kiatu kile kile.
Safari hii hakuna aliyetazama mawingu.

Bi Drahomíra alimimina kahawa ya chupa,
akalamba ncha ya penseli, akaandika, akinisomea:
*Mlio: amekimbia. Wiki ijayo hatua mia nne, na nyama nzuri zaidi.
Bawa: bado.
Wito: anakuja.*
Akafunga daftari.
"Na wewe, usianze sasa kulimaliza hilo jina.
Utamchanganya mtoto."

Njiani nikasimama dukani kununua viazi.
Foleni ilikuwa fupi, muuzaji mpya, mpole.
Nikajaribu. B, nikasema, B,
halafu nikasonta kidole, kama siku zote.
Mlango wa duka ulikuwa wazi.
Garini, nyuma ya kioo chenye ukungu wa pumzi,
kuna mtu alisimama kwa miguu yote minne,
akitikisa mkia.