Karani wa Sensa, Limbani

Karibu, mwanangu, kaa hapo penye mkeka.
Huko kwingine kumeanikwa karafuu, usizikanyage,
ndiyo ada ya skuli hiyo.
Kalamu yako nzuri. Haya, andika.

Mkuu wa kaya?
Kombo Faki, mzaliwa wa Mtambwe,
mwaka wa mvua kubwa. Tarehe haijui mtu.
"Andika Julai," asema yeye,
kwa kuwa zamani pasipoti ilidai mwezi
na Julai ndio uliomjia mdomoni.
Ndiye mkuu. Funguo za kabati anazo Time binti Khatib,
ndiye mimi,
na ukitaka kujua sukari imebaki kiasi gani
usimuulize mkuu.

Amecheka. Umeliona pengo?
Jino lile lilibaki chini ya mkarafuu wa babaake.
Tawi lilimkatikia mkononi,
wakamleta nyumbani ndani ya kanga yangu ya harusi,
na yeye hakulililia jino,
alizililia pishi mbili zilizomwagika majanini.

Watoto?
Wanne, asema yeye.
Watano, nasema mimi.
Usifunge daftari, bado hatujagombana.
Kuna Ghanima, yuko Maskati, anapikia watu,
kila Ijumaa anapiga simu kuniuliza mimi nimepika nini.
Kuna Pandu, mwalimu wa hisabati Micheweni,
anayepunjwa chenji ya samaki kila siku ya Mungu.
Salhina na Nassor ndio hao wanaokuchungulia dirishani.
Na kuna Asya.
"Asya mtoto wa shemeji yangu," asema yeye,
"tusiidanganye serikali."
Sawa. Nani alimbeba mgongoni mpaka hospitali
usiku ule wa homa, barabara yote tope?
Nani kila Idi hulificha paja la kuku chini ya kawa
mpaka Asya arudi kutoka kutembea?
Ona, amenyamaza.
Andika watano.

Hali ya ndoa?
Naviona vijisanduku vyako: ameoa, ameachika, mjane.
Sisi tia alama viwili.
Aliniacha, mwanangu. Talaka moja,
kwenye karatasi ya daftari la Pandu,
nyuma yake hesabu za kugawanya.
Deni lilikuwamo, na dada zake, na huu mdomo wangu,
mengine sitoi nje.
Nikakaa eda humu humu, chumba cha uani.
Siku ishirini na tatu napika,
sahani yake naifunika, naiweka juu ya meza,
asubuhi naikuta tupu, imeoshwa.
Imeoshwa! Mtu ambaye hajui sabuni inakaa wapi.
Siku ya ishirini na nne akaja na fungu la tungule,
akasimama mlangoni kama mgeni, akasema,
"Time, chumvi imezidi tangu Jumatatu."
Maneno ya sheria na mashahidi
yalifuata baada ya sala ya alasiri.
Ile karatasi ninayo. Anajua ninayo.
Imo kabatini, ndani ya kopo la karafuu,
wino umefifia, inanukia kuliko barua yoyote ya mapenzi.
Huyo anajifanya anaangalia mawingu.

Waliolala hapa usiku wa kuamkia leo?
Bi Chumu, mama mkwe, yumo ndani,
andika haoni, lakini usimseme, anasikia mpaka kalamu yako.
Watoto watatu. Mimi.
Yeye alikuwa barazani, analinda karafuu.
Baraza ni ndani au nje? Kaulize wakubwa zako.
Saa nane yakaanza manyunyu, nikatoka na turubali,
yeye akashika pembe mbili, mimi mbili,
hakuna aliyemwambia mwenziwe vuta wala legeza.
Miaka thelathini tunatandika kitanda kimoja.
Mvua yenyewe haikuja.
Tukakaa huko huko, juu ya makonyo, tunasema upuuzi,
mpaka jogoo wa jirani akatuonea haya.

"Andika wamelala," asema yeye.

Muongo. Hatukulala.