Hatua za Mia Mia

Transfoma ya Limbani ina neno moja tu.
Miaka tisa naipanda, bisibisi kiunoni,
miaka tisa sijaisikia,
hadi usiku ule nilipotoka kilabu na fidla kwapani
nikaona uzi wa chini unatetemeka
na hakuna aliyeugusa.

Umeme hutujia hamsini kwa sekunde. Chuma hujibu mia.
Na mia, ukiitegea sikio, imebeba wenzake mgongoni:
mia mbili, mia tatu, mia nne,
ngazi iliyosimama bila seremala,
kidato na kidato sawasawa.

Nikaiomba kanuni ya marehemu Subeti,
iliyolala stoo tangu kilabu kuletewa kinanda cha plastiki.
Panya walikwishakula pembe moja ya ngozi.
Nikaivisha mshipi wa kuvulia, mnene chini, mwembamba juu,
nikakaa nayo barazani, mkabala na nguzo,
nikakaza, nikalegeza, nikakaza.
Kumi na sita nilizifikisha.
Ya kumi na saba ilikatika, ikanichana kidole.
Mwanakhamis akachungulia dirishani:
"Umepigwa na umeme, hukutwambia?"

Sikiliza basi.
Ya kwanza na ya pili ni baba na mwana
wakitamka amina moja.
Ya tatu imehamia Micheweni, lakini hurudi kila Ijumaa.
Ya nne, ya tano, ya sita, bado zapeana nafasi ya kukaa.
Kisha zaanza kubanana,
na ya kumi na tano na ya kumi na sita
zapigana vikumbo mlangoni.
Mia ile ile! Nimepima mara tatu.
Sikio lina mizani yake:
halihesabu ulichoongezewa,
lauliza ulikuwa na kiasi gani kabla.

Ndivyo Idi zilivyonipungukia.
Nilipokuwa na miaka mitano, baina ya Idi na Idi
mtu aliweza kuzaliwa akazeeka.
Sasa kanzu ya mwaka jana haijapoteza mkunjo.

Ya saba ni mgeni wa ukingoni mwa mkeka,
hata ukikihamisha kinanda kifuate transfoma
haina pa kukaa.
Na ya kumi na moja,
si juu, si chini, katikati ya vitufe viwili,
hiyo naijua.
Mama akiniita kutoka uwani, Masuudi,
ile "di" ya mwisho aliitua mle mle,
kwa sauti nzito zaidi.
Sikujua kama ina namba.

Saa nne umeme ukakatika.
Mafriji, feni, taa ya msikiti, vyote kimya,
ngazi ikabaki mapajani mwangu
bila ukuta wa kuegemea.
Simu ikalia: fundi, huku giza.
Nikasema naja.
Nikaidonoa ya kumi na moja, mara moja,
nikaizima kwa kiganja,
nikatafuta viatu.