Tundu la Kifuniko

Nimeikokota toka Pongwe, gunia la machungwa nyuma,
hadi Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
"Pistoni," nikamwambia fundi Mwanamkasi kabla ya salamu.
Akafuta mikono kwa kipande cha kanga.
"Usinitajie ugonjwa. Nipe dalili."

Basi: inawaka. Inakwenda kilomita mbili, tatu,
inakohoa, inazimika.
Nikae kando nimenye chungwa,
nikimaliza, inawaka.

Akafungua plagi. Kavu, rangi ya biskuti.
Akaigusisha kwenye silinda, akapiga kiki:
cheche ya buluu, tak.
"Moto upo."
Kabureta ni safi, juzi tu niliilipia.
Ringi nililipia. Koili nililipia.
Madeni yangu yote yamo humo,
yamekazwa kwa nati namba kumi.

Akachomoa mpira wa mafuta:
tone,
tone,
kimya.
Akafungua kifuniko cha tangi
na tangi likavuta pumzi, hhhup,
kama mtoto aliyejibana kwa kisirani.
Mafuta yakashuka.

Akakigeuza kifuniko. Kitundu cha upana wa sindano
kimezibwa kwa sabuni ya mche.
"Nani?"
Mimi. Wakati wa masika, maji yasiingie.

Hakucheka. Afadhali angecheka.
Alichomoa pini kwenye ushungi, akazibua,
akaifuta, akairudisha mahali pake.

"Kiasi gani?"
Akachagua machungwa matatu,
la nne akanitupia: "La njiani."

Nimefika Pongwe nalo mfukoni,
halijamenywa.