Mwiko

Zamani hapa Wingwi, shamba hili lilikuwa mwiko:
usilime, usikate kuni,
usimwite mtu jina kwa sauti.
Leo tumegawiwa miko kumi na miwili,
mipini yake bado yanukia duka,
na hakuna aliyecheka ila mimi.

Shimo ni mraba, uzi mweupe, msumari kila pembe.
Kazi yangu chekeche.
Natikisa, udongo washuka, kinachobaki ndicho changu:
kome, taya la panya,
mzizi uliojifanya mfupa.

Thuwaiba wa Makumbusho ana daftari,
kila rangi ya udongo ina nambari.
Wa juu, mlegevu, uliochanganyika, ameuandikia:
kifusi cha wachimbaji wa mwanzo. Hakina habari.

Hakina habari.
Nikainama, nikatikisa.
Mwaka wao ule mimi nilikuwa tumboni,
na baba, Shaame wa Faki, alilipwa kwa kutwa
kuchimba, kisha kufukia alichokichimba.
Mama hajalielewa hilo mpaka leo:
"Mtu mzima anatoa udongo, anaurudisha,
na jioni anadai maji ya moto!"

Siku ya nne, kimo cha kiuno,
mwiko wa Khatibu ukagusa turubai.
Chini yake sarafu moja
waliyoiacha makusudi, atakayerudi ajue walikomea wapi.
Na kando ya sarafu, hii si makusudi,
ndara ya kushoto, mkanda umeshonwa kwa waya wa shaba,
fundo lile lile lililofunga banda letu la mbuzi
mpaka tulipomzika, na baada.

Sikusema kitu.
Niliomba ruhusa nikanywe maji.

Chini ya turubai udongo ukageuka,
mweusi, mzito, kama uliotiwa samli.
Hapo ndipo wenyewe:
majivu, mafiga matatu yangali yanatazamana,
na jiwe jeupe, makali upande mmoja,
upande wa pili kishimo cha gumba.
Likapita mkono kwa mkono. Kimya.
Halafu wakaanza kutaja miaka,
elfu hii, elfu ile,
kama watu wanaopatana bei ya ng'ombe.
Mimi macho yangu kwenye mafiga:
nani aliuacha moto akaondoka,
na nani alimwuliza, warudi lini?

Alasiri Thuwaiba akaniita.
"Hii ndara, Mize, tuitupe?"
Nikamwambia ina mwenyewe.
Akanitazama. Akachukua kifuko cha nailoni,
akaandika kwa wino usiofutika:
Kifusi. Ndara, moja. Shaame wa Faki.
"Na kipindi?"
Andika, nikasema, kabla yangu kidogo.

Kesho tunafukia.
Sarafu mpya iko tayari, turubai limekunjwa.
Mama ameshauliza
kama na mimi nitataka maji ya moto.