Njia Tatu, Midizini

Sikudhani, leo hukunigongea ukuta.
Miaka sita, kila nikiwasha mashine,
kitana chako ko, ko, ko,
nami nikajua bila kuambiwa
taa ya saluni imenywea,
draya imekohoa,
kichwa cha mteja kimebaki kibichi.
Hatukuwa na ugomvi, mimi na wewe.
Tulikuwa tunakula sahani moja,
na mota yangu ilikuwa na tonge kubwa.

Unaikumbuka ile mota?
Haikuwahi kuamka peke yake.
Inanguruma, inatetemeka, haizunguki,
kama mtu aliyekwama kizingitini
hajui atangulize mguu upi,
mpaka Mbaruku auvute mkanda kwa mkono.
Ndivyo alivyouacha ukucha wake kwenye puli.
Nikanunua kapasita. Ikapasuka kama njugu kaangoni.
Nikanunua nyingine.
Madebe ya watu yakalala foleni na majina ya chaki,
na Mama Chausiku muuza uji ananiuliza,
"Kesho watoto wa shule niwape maji ya moto?"

Akaja fundi Mkwizu, testa nyuma ya sikio.
Akasema: "Mota usiilaumu.
Njia moja ni mwanamke mmoja na mchi mmoja.
Anatwanga, sikatai,
ila akiuinua mchi, kinu kinanyamaza.
Mara mia katika sekunde moja, kinanyamaza."
Nikacheka. Mwanamume wa Same, kinu anakijulia wapi?

Lakini usiku niliwasikia,
uani kwetu Kisarawe:
mama, bibi Mwanamvua, shangazi Tausi,
michi mitatu, kinu kimoja.
Huu unashuka, ule uko hewani, ule ndio kwanza unainuka.
Pengo sikulisikia hata siku moja.
Na hakuna aliyekuwa na misuli kumshinda mwenzake.
Walipokezana tu.

Fomu. Nguzo. Njoo Jumatatu. Njoo Jumatatu nyingine.
Mwezi wa nne nyaya zikaingia:
nyekundu, njano, buluu,
na mweusi mwembamba nyuma yao.
"Na huyu?" nikauliza.
"Huyo hurudisha kinachozidi.
Watatu wakilingana, hana cha kubeba."
Mimi niliyezaliwa kitinda mimba,
mrudisha vyombo wa nyumba nzima,
nilimwonea wivu.

Mota mpya waliibeba watu wawili.
Ile kongwe ilitaka wanne, na kazi ni ileile.
Mkwizu akabonyeza. Ikaamka papo hapo,
hakuna wa kuisukuma, hakuna mkanda kuvutwa,
ikazunguka kinyumenyume.
Mahindi yakatutemea usoni!
Fundi hata jasho halikumtoka.
Akazima, akabadilishana nyaya mbili,
ya njano hapa, ya buluu pale,
ikageuka.
Marehemu mume wangu nilimbembeleza ageuke
miaka kumi na tisa.

Sasa sikiliza, Sikudhani. Sauti moja iliyonyooka.
Dona linashuka vuguvugu kama shavu la mtoto,
na taa yako haijui kama nimewasha.

Ila Mkwizu, akikunja waya zake, alibaki mlangoni.
"Mmoja wa hawa akikatika," alisema, "zima. Usingoje.
Wawili watataka kubeba zigo la watatu
na hawatakwambia wamechoka.
Wataungua kimya kimya."
Amenifungia kidude cha kulinda. Nakiamini, lakini si sana.

Maana shangazi Tausi ndiye aliyetangulia.
Mama na bibi waliendelea kutwanga,
unga ulipatikana, hatukulala njaa,
ila kila baada ya pigo la pili
palikuwa na mahali pa mtu.

Basi jirani, masikio yako ni mazuri kuliko yangu,
yangu yamejaa pumba.
Ukisikia mlio huu unachechemea,
hata kama una mteja kichwani,
gonga ukuta.
Kwa kitana kilekile.