Vichupa vya Sindano

Jumanne, kabla kunguru wa Tudor hawajaanza kuteta,
nilikuwa nikimsikia: kwaru, kwaru,
gunia likiburuzwa juu ya changarawe,
kisha kifuniko cha pipa langu kikiinuliwa
taratibu, kama mtu anayefunua chungu cha mwenzake.

Nami nilikuwa nikitoka na fimbo.
Karani mstaafu wa bandari, kikoi kiunoni,
miaka thelathini na moja nikihesabu makontena ya watu,
halikunipotea hata moja. Pipa ndilo litakalonishinda?
"Wee chokoraa! Ukimaliza, funga!"
Na alikuwa akifunga. Vizuri kuliko sisi wenyewe.

Mbodze. Jina nililijua baadaye.
Wakati ule nikijua mgongo tu,
leso mbili zilizopauka, moja kichwani, moja kiunoni,
na mkono uliozoea giza:
plastiki ngumu, gunia la kushoto;
laini, la kulia;
mkebe chini ya kisigino, bapa!
Nepi, maganda ya muhogo, vichwa vya samaki
vyaachiwa kunguru na gari la kaunti, litakapojaaliwa kuja.
Ningempata mtu kama huyu gatini,
meli zingeng'oa nanga mapema.

Mwezi wa mfungo mapipa yetu hunona:
makopo ya maziwa, madumu ya mafuta, chupa za sharubati.
Hivyo ndivyo alivyotujua mtaa mzima,
nyumba kwa nyumba, kwa mlango wa nyuma:
nani kajifungua,
nani hunywa kwa siri akaiviringisha chupa gazetini,
nani kahama usiku akaacha daftari za watoto.
Sisi majirani twaulizana, "Hujambo?"
Yeye hakuwa na haja ya kuuliza.

Mwanasiti alipofariki watu walikuja.
Walisoma, walikula, walikunja mikeka.
Sufuria za kuazima zikarudi kwa wenyewe.
Jumanne ya tatu baada ya hitima
nilitoka bila fimbo. Sikujua natafuta nini nje.

Akainua uso.
"Mzee, vile vichupa vya sindano vimekoma.
Vya kofia ya rangi ya chungwa. Vinne kila mwezi.
Nikasema moyoni, labda amepona.
Kisha nikaiona miwani.
Mtu aliyepona hatupi miwani."
Akanyamaza. "Pole."

Nilitaka kusema jambo, likaja swali la kikarani:
"Vichupa vile vyanunuliwa?"
"Nani avinunue? Mwenye mizani kule Changamwe havitaki,
na mizani yenyewe ina tumbo,
hula robo kilo kabla haijasoma."
"Basi ulivihesabia nini?"
Akapandisha mabega.
"Si vilikuwepo."

Siku hizi namtengea.
Chupa naziosha, nazipanga ukutani kwa urefu.
Mara ya kwanza alipoona alikasirika:
"Maji ya kununua kwa dumu, waoshea takataka?"
Nikacheka, mimi ambaye sikuwa nimecheka tangu masika.
Lakini sijaacha kuosha.
Mikono ya mjane wa kiume nayo yataka kazi.

Siku nyingine nilimuuliza, nusu kwa aibu,
ile miwani iliishia wapi.
Aliinama akifunga gunia kwa kamba ya katani.
"Nilimpa mama. Yuko Miritini.
Alikuwa akiniita nimtungie uzi kwenye sindano.
Sasa haniiti."

Gari la kaunti halikuja wiki hiyo, wala iliyofuata.
Kunguru walitanda ukutani, wakanitazama kama mdaiwa.
Nimekaa barazani nawaza bibi nisiyemjua,
amevaa macho ya mke wangu,
ameinua sindano dhidi ya mwanga wa dirisha,
amelowesha ncha ya uzi kwa ulimi.

Mbodze anajua nyumba yangu hadi dawa zake.
Mimi sijui kwake kunatupwa nini,
au kama kuna cha kutupa.