Mgeni wa Dirisha la Tatu

Miaka kumi na tisa nimekaa dirisha la tatu,
ofisi ya usajili, Lincoln, Nebraska,
nikipokea wageni wasio na miguu.

Huja kwa bahasha. Cheti cha kuzaliwa kimetoka Delaware,
karatasi nzito kama kitambaa.
Nauliza nililoagizwa kuuliza:
Unaitwa nani? Ulizaliwa jimbo gani?
Hapa kwetu nani atapokea barua zako,
mtu mwenye mlango, tukibisha hodi aitike?

Aliyeuza mara moja hatumsumbui.
Afunge mkoba, aende zake.
Lakini akikodi ghala, akaajiri,
akarudi wakati wa mbegu na wakati wa mavuno,
huyo keshafika siku ya tatu.
Jembe limeegemea ukuta, linamngoja.

Kampuni ya Pampu za Tarnwell haikulishika.
Miaka sita, ghala moja, mafundi wanne,
lori mbili za buluu,
na jina halimo daftarini.
Mahindi ya Orville Kucera yalipokauka
kando ya pampu yao, akagoma kulipa.
Wakamshtaki. Jaji akauliza swali moja:
cheti cha usajili kiko wapi?
Wakili akapekua mkoba
kama aliyesahau ufunguo mlangoni pa watu.

Orville alikuja kunishukuru, kofia mkononi.
Nikamwambia, mlango haukupigwa misumari,
umerudishwa tu.
Alhamisi walilipa ada na faini ya miaka yote sita.
Muhuri niliupiga mimi.
Ijumaa deni likawa deni.

Mwezi uliofuata akaja dada yake, Blanche,
na hisa mia mbili za Tarnwell alizoachiwa na mumewe.
Wakurugenzi wamejigawia faida, akasema,
na lori zao naziona toka jikoni kwangu.
Nikamweleza: lori likigonga mtu, ni letu.
Kodi ni yetu. Kisima ni chetu.
Ila nani aketi mezani, nani apige kura, nani agawiwe,
hayo ni ya chumbani kwao,
na chumba kiko Delaware,
ambako hakuna hata mmoja wao anayelala.

"Kumbe mgeni huyu hutembea na kuta zake."

Sikuwa na fomu ya kumjibu.
Akaazima kalamu yangu, akaandika
anwani ya Wilmington
nyuma ya risiti ya mbegu.
Kalamu hakuirudisha.